Ndoa ya babu na nyanya: ukiitafuta Machakos

Watu wa pwani wenye nyanya wa Kikamba ni wengi, nami ni mmoja wao. Kwetu utafutaji ulianza kwa maneno ya mirathi: kuna waliosema nyanya hakuolewa, alikaa tu na babu. Neno kama hilo ukilijibu kwa hasira hulimalizi. Tafuta karatasi.

Kwanza ujue ndoa ilifungwa kwa njia gani. Ndoa za Kiislamu zilikuwa na sheria yake ya usajili tangu 1906 hadi 2014, kwa hivyo anza kwa kadhi. Kwa ndoa ya kanisani, nenda parokia yenyewe wala usikome jimboni, maana Jimbo Katoliki la Machakos ni la 1969 na huenda wazee wako walioana zamani zaidi. Ndoa ya kimila ya enzi hizo haina daftari. Kwa Wakamba ushahidi wake ni mbuzi wa ntheo, basi mtafute mzee anayekumbuka mbuzi hao walipelekwa na nani, umrekodi angali hai.

Kazi kubwa ni majina. Karani aliandika alivyosikia. Hata Machakos yenyewe ni Masaku iliyoharibiwa na ndimi za wageni. Nyanya aliyesilimu aweza kuwa na jina la Kikamba kwenye kipande cha karatasi na la Kiislamu kwenye daftari la ndoa, tena akaitwa binti Abdalla ilhali babake hakuwa Abdalla. Usishangae pia ukikuta kadhi ndiye walii: baba asiye Mwislamu hamwozeshi binti Mwislamu, na hiyo haina maana kwamba aliolewa bila wazazi kujua. Mimi niliwapata wangu kwa jina la shahidi, rafiki wa babu ambaye nyumbani alitajwa kila siku.

Ukumbuke Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, kwa hivyo mtu wa Wote mtafute Machakos. Mafaili ya zamani ya wilaya yako Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi.

Ukipata ukurasa, usitosheke na picha ya simu. Omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri. Yetu ina tarehe, mashahidi wawili na mahari, na ndiyo iliyowekwa mezani kikao cha mirathi kilipokaa tena.