Kuanguka kwa mfumo endeshi wa seva

Mfumo endeshi huanguka pale kerneli, yaani programu inayosimamia prosesa, kumbukumbu na diski, inapokutana na kosa isiloweza kulivuka salama, ikasimamisha kila kitu. Linux hutangaza *panic*; Windows huonyesha skrini ya kosa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya buluu. Kusimama huko ni kinga, kwani kerneli iliyovurugika ikiendelea kuandika kwenye diski inaweza kuharibu data.

Linux isipobadilishwa huwa na mpangilio wa kernel.panic wenye thamani 0: mashine hubaki imeganda hadi mtu aje. Seva isiyo na mtu karibu huwekewa, tuseme, 10, ili ijiwashe upya baada ya sekunde 10. Hilo pekee halitoshi, maana seva iliyorudi bila ushahidi itaanguka tena kwa sababu ileile na hakuna atakayejua kwa nini. Kuhifadhi ushahidi huo ndiyo kazi ya kdump. Sehemu ya kumbukumbu hutengwa mapema na kupakiwa kerneli ya pili. Ya kwanza ikianguka, ya pili huanza papo hapo bila kupitia BIOS, programu ya kuanzisha mashine, hunakili kumbukumbu ya iliyoanguka kwenye faili la vmcore, mara nyingi ndani ya /var/crash, ndipo mashine huwashwa upya.

Mfumo ulioganda kimya, bila kutangaza panic, ni mgumu zaidi. Hapo hutumika kipima muda cha maunzi ambacho programu hukigusa kila mara. Kisipoguswa, huiwasha mashine upya chenyewe.

Kujiwasha kuna mpaka wake, na mpaka huo ulionekana tarehe 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu la programu yake ya ulinzi, Falcon. Liliondolewa saa 2:27, lakini kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilikuwa zimeanguka. Nyingi zilijiwasha, zikapakia faili lilelile la sasisho, zikaanguka tena. Mafundi walilazimika kuziendea moja moja, kuziwasha katika hali salama na kulifuta faili. Zilizofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, zilidai kwanza ufunguo wa urejeshaji, na pengine ufunguo huo ulihifadhiwa kwenye seva iliyoanguka nayo. Nakala yake ihifadhiwe nje ya mfumo unaolindwa. Baada ya ajali hiyo CrowdStrike iliahidi kusambaza masasisho ya aina hiyo kwa awamu, kuanzia kundi dogo la mashine.