Shujaa wa Kuazima

Katika mitaa ya Arusha, toka Ngarenaro hadi Sakina, ni nadra siku hizi kumpata kijana asiyejua maana ya neno gemu. Wengi hucheza mpira wa miguu wa kwenye skrini, na huo siusemi, maana mpira ni mpira. Ninaotaka kuuzungumzia hapa ni ule mwingine, ambao mchezaji hupewa mtu mmoja wa kumwongoza, akamvisha deraya, akamtia upanga mkononi na kumshusha mapangoni kuua mazimwi. Kila zimwi linapoanguka, shujaa huongezewa nguvu na kuokota mali. Kwa nguvu zile na mali ile huenda kuua zimwi kubwa zaidi. Wajukuu wangu wamecheza ya kila jina, kwenye kompyuta na kwenye simu. Nimeketi nao mara nyingi nikitazama, kwani mwalimu hastaafu kuuliza, na swali langu limekuwa lile lile: kama majina ni mengi namna hii, mbona hadithi ni moja?

Swali hilo si la wazee peke yao, maana hata wachezaji hulalamika hivyo hivyo. Ili kulijibu, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, kwani jambo hili lina historia yake.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani ulioitwa Dungeons & Dragons. Haukuhitaji kompyuta, ulihitaji karatasi, penseli, dadu na marafiki. Kila mchezaji alijifanya mtu fulani, mpiganaji au mchawi, na uwezo wa mtu huyo ukaandikwa kwa namba: uhai kiasi hiki, nguvu kiasi hiki, daraja la kwanza, la pili, la tatu. Viumbe wengi wa mchezo huo walichotwa katika vitabu, hasa vya Tolkien, mwandishi wa Kiingereza ambaye The Lord of the Rings yake ilitoka mwaka 1954 na 1955. Hata jina hobbit lilichukuliwa, ikabidi baadaye libadilishwe baada ya wenye haki kulalamika. Tolkien naye alichota katika ngano za kale za Ulaya ya Kaskazini. Kuazima, basi, kulikuwapo tangu mwanzo.

Namba zile ziliingia katika kompyuta upesi, kwani kompyuta haina ilijualo zaidi ya namba. Mwaka 1980 Michael Toy na Glenn Wichman, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, walitengeneza Rogue. Humo shujaa alikuwa alama moja tu kwenye skrini, mazimwi yalikuwa herufi A hadi Z, na mapango yalijipanga upya kila mchezo ulipoanza. Huko Japani, mwaka mmoja wa 1984 ulileta The Tower of Druaga, Dragon Slayer na Hydlide, ambamo mchezaji hakungoja tena zamu yake bali alipigana papo kwa papo. Kisha, mwishoni mwa 1996, ikatoka Diablo ya Mmarekani David Brevik na wenzake. Brevik aliupenda ukoo wa Rogue, na mchezo wake pia ulianza kutengenezwa kama mchezo wa zamu. Katikati ya kazi wakaiondoa zamu, kila kubofya kukawa pigo.

Hilo lilikuwa jambo jipya kwa haki yake. Lakini tazama yaliyofuata. Diablo II ilitoka mwaka 2000. Titan Quest ya 2006 ilibadili mazimwi yakawa ya Ugiriki na Misri ya kale. Torchlight ya 2009 ilitengenezwa na baadhi ya watu wale wale wa Diablo. Ikaja Diablo III mwaka 2012, Path of Exile toka New Zealand mwaka 2013, na Diablo IV mwaka 2023. Kila mmoja una ufundi wake, na mpenzi wa michezo hii atanikumbusha tofauti zake. Hata hivyo, msingi ni ule ule: ua, okota, panda daraja, ua tena.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni fedha. Mchezo mkubwa huchukua miaka na watu wengi kuutengeneza, na mwenye kutoa mtaji hupenda kuona kitu kilichokwisha kuuzika jana. Sababu ya pili imejificha zaidi. Chuo cha ualimu tulimsoma B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeonyesha kwamba njiwa anayelipwa punje kwa kubahatisha hudonoa kwa ubishi kuliko yule anayelipwa kila mara. Mali iokotwayo katika michezo hii hutoka kwa kubahatisha vivyo hivyo. Mchezaji haendelei kwa kutaka kujua mwisho wa hadithi. Anaendelea kwa kuwa huenda zimwi lijalo likaangusha upanga wa dhahabu. Katika Diablo III lilifunguliwa hata soko la kuuziana vitu hivyo kwa fedha halisi. Lilifungwa mwaka 2014, watengenezaji wenyewe wakikiri kwamba lilikuwa likiuharibu mchezo. Pale ambapo punje yatosha, nani atahangaika na hadithi?

Sasa, msomaji asidhani kwamba nalaumu kufanana kwa umbo. Sisi Waswahili hatuwezi kulaumu hilo, kwani tuna utenzi. Utenzi una mizani minane katika kila kipande, vipande vinne katika ubeti, vitatu vya kwanza vina vina vinavyolingana na cha nne kina kina kinachorudi mpaka mwisho. Umbo hilo halijabadilika sana kwa karne nyingi. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani alitunga Utenzi wa Tambuka, na habari zake za vita na Mfalme Herakali zilitoka katika masimulizi ya Kiarabu. Umbo lilikuwa letu, shujaa alikuwa wa kuazima.

Lakini washairi wetu hawakuishia hapo. Ndani ya mizani ile ile wakamweka Fumo Liyongo, mtu wa pwani yetu wenyewe, aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa makapi, na akauawa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Abdul Karim bin Jamaliddini aliwaweka humo watu wa kusini waliokabili bunduki za Wajerumani. Shaaban Robert alikitia kisa kizima cha Vita Kuu ya Pili katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapwa 1967. Umbo moja lilibeba mambo yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu kila mtunzi aliuliza: wakati wangu na watu wangu wana jambo gani la kusimulia? Swali hilo ndilo ninaloona limepotea katika michezo ya mapangoni.

Wapo waliolirudia. Huko Yaoundé, Kamerun, Olivier Madiba na wenzake wa Kiro'o Games walitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Namna yake ya kupigana ilikwisha kujulikana, lakini shujaa ni mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyepinduliwa siku ya kutawazwa kwake, naye husafiri na mkewe kutafuta nguvu za wahenga. Hawakuwa na mtaji mkubwa. Sehemu ya fedha waliichangisha kwa watu wa kawaida kwa njia ya intaneti.

Hapa kwetu chini ya Mlima Meru visa havikosekani. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, nyumba zikachomwa, watu wakatakiwa kuhamia King'ori. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, kwenda New York kuishtaki serikali hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama huko mwaka 1955. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini nchi nzima iliona kwamba mtu wa kijijini aweza kwenda kusema na dunia.

Fikiri mchezo wa kisa hicho. Shujaa hana upanga, na adui ni karatasi yenye mhuri. Nguvu zake zitahesabiwaje? Labda kwa idadi ya waliomchangia, au kwa maneno aliyojifunza kuyasema mbele ya wakubwa. Mtengenezaji atakayejaribu kulijibu hilo atalazimika kubuni, maana hakuna wa kumnakili. Nami naona hapo ndipo upya unapopatikana: kisa chenye haki yake humlazimisha mtu kutafuta njia mpya ya kukisimulia.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wajukuu zangu wanajua majina ya majoka ya Ulaya kuliko ninavyojua majina ya majirani zangu, na sina ugomvi na majoka hayo. Ninalolihofia ni mtoto wa Meru kukua akiamini kwamba mashujaa wote hutoka mbali. Vijana wetu wanajifunza sasa kutunga programu, hapa mjini na kule Tengeru, na hesabu za mchezo watazijua. Basi na waende pia kuketi na wazee wa Engare Nanyuki, wangali wapo wachache wanaokumbuka, waulize, waandike, kisha ndipo wafungue kompyuta.