Kipimo cha Baruti

Bwana Speke alipoliona ziwa letu karibu na Mwanza, mwezi wa Agosti 1858, bunduki zilikuwa chache katika Usukuma. Miaka 30 baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1888 balozi wa Waingereza huko Unguja alikadiria ya kuwa bunduki 80,000 hata 100,000 zaingia bara kila mwaka. Wala walioleta si Waarabu peke yao. Charles Stokes alifika na misheni ya C.M.S., kisha akaiacha kazi hiyo akawa mfanya biashara, akachukua bunduki na baruti hata ziwani. (Habari hii haitupendezi, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Maofisa wa Dola la Kongo walimnyonga mwaka 1895 kwa shtaka la kuwauzia adui zao silaha.

Bunduki hizo nyingi zilikuwa magobori, ambayo hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Humiminwa baruti, kisha hutiwa kitambaa na risasi, na yote hushindiliwa kwa mdeki. Baruti ilipimwa kwa kiganja. Basi viganja vya watu si sawa, na baruti ya biashara nayo haikuwa sawa. Nyingine kavu, nyingine imeshika unyevu. Mtu akiona jana risasi yake ilianguka karibu, leo huongeza.

Wengi hudhani ya kuwa hatari ni wingi tu. Sivyo. Hata baruti kidogo yaweza kupasua mtutu, kama risasi haikufika chini ikaikalia baruti. Penye nafasi tupu kati yake, nguvu ya moto huijia risasi kwa kishindo, na pale pale chuma hufura au hupasuka, karibu na mkono unaoshika bunduki.

Juu ya wingi, twamkumbuka Bwana Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho, nchi ya Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Ujanani mwake, kati ya 1872 na 1874, aliwinda tembo kusini kwa magobori makubwa, ambayo risasi 4 tu zatimiza ratli moja, naye akichota baruti kwa mkono katika mfuko wa ngozi. Siku moja bunduki ilikuwa imeshindiliwa mara mbili, naye hana habari. Alipoipiga alirushwa akaanguka kifudifudi, na kitako kikavunjika.

Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki mpya zisiingie Afrika, lakini bunduki za gumegume na baruti nyeusi ziliachiliwa. Kwa hiyo gobori lilikaa, na huku Ulaya baruti ikibadilika. Tangu 1884 Mfaransa Vieille alikuwa amepata baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi kuliko ile nyeusi. Mtu akiitia hiyo katika gobori kwa kiganja kile kile cha babu yake, mtutu hauwezi kuistahimili.

Baruti mpya ya Waingereza, kodaiti, ilitiwa katika bunduki kubwa za tembo tangu 1898. Nayo ilikuwa na tabia yake: joto la jua liliiongezea nguvu, hata maganda ya shaba yakakwama ndani ya bunduki. Watengenezaji wakapunguza kiasi kwa ajili ya Bara Hindi na Afrika. Lakini wao walipunguza kwa mizani na vyombo. Huko Marekani, ambako watu wengi hujijazia maganda nyumbani, huonywa wasipunguze kwa kukisia. Kwa maana baruti iwakayo polepole, ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa, mara nyingine hulipuka kwa nguvu kuliko ganda lililojaa. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 yataka kila mwenye bunduki awe na kibali, wala gobori halikusamehewa. Hata hivyo wako mafundi wanaoyafua kwa siri kwa mabomba ya maji. Kule Birmingham, tangu 1813, kuna nyumba ambamo mitutu hujaribiwa kwa baruti kupita kiasi, kabla mtu hajaiweka begani. Bomba la maji hujaribiwa mara ya kwanza na mwindaji mwenyewe.