Umeongeza nguvu ya tabo? Chagua klachi kwa torki, si kwa jina

Gari la tabo likiongezwa nguvu, mara nyingi klachi ndiyo ya kwanza kulalamika. Unakanyaga mafuta ulipite lori kati ya Mlandizi na Chalinze, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hauongezeki. Klachi inateleza, na wewe uko upande wa magari yanayokuja.

Kwa wenye Subaru Impreza WRX, Mitsubishi Lancer Evolution au Land Cruiser ya 1HZ iliyofungiwa tabo, swali ni moja: ifungwe klachi gani?

Hakikisha tatizo ni klachi

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Weka gia ya 4, mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikiruka ghafla na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza. Usirudierudie jaribio hili, kila mara linaiunguza zaidi.

Kama shida ni gia kugoma kuingia au pedali kuwa laini, anza na klachi masta na sleva. Pia mwambie fundi aangalie oili sili ya nyuma ya injini. Ikivuja, oili itafika kwenye klachi mpya nayo itateleza.

Piga hesabu ya torki

Klachi huchaguliwa kwa torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Torki hupimwa kwa Nm.

Tuseme gari lilitoka kiwandani na Nm 300, na baada ya kuongeza msukumo wa tabo linatoa 400. Acha akiba ya kama asilimia 20, kwa hiyo tafuta klachi inayobeba Nm 480 hadi 500.

Muuzaji akikwambia "hii ni steji 2", muulize inabeba Nm ngapi. Steji haina kipimo kimoja, kila kiwanda kina yake.

Kubwa kupita kiasi nayo ni hasara. Klachi isiyoteleza kabisa hupeleka mshtuko wote kwenye gia boksi, na gia boksi za Subaru za gia 5 zinajulikana kwa kuvunjika gia nguvu ikizidi. Klachi ni nafuu kuliko gia boksi.

Aina za sahani

• Ya kawaida (oganiki): inashika taratibu na inafaa foleni. Ikipata presha pleti yenye nguvu zaidi, inabeba torki kubwa kuliko ile ya kiwandani.

• Kevla: inashika kwa ulaini na inadumu, lakini inahitaji kuzoezwa taratibu na haipendi kutelezeshwa muda mrefu kwenye foleni.

• Keramiki: inavumilia joto kali, lakini inashika ghafla. Gari linaruka ukiondoka, na flaiwili inalika haraka. Hii ni ya mashindano zaidi.

Kwa gari la barabarani, chukua sahani yenye springi katikati. Zinapunguza mshtuko.

Kibaha au Kisarawe?

Anayetoka Kibaha kwenda kazini Dar es Salaam kila siku hukanyaga klachi mara nyingi sana kwenye foleni. Keramiki na pedali nzito vitamchosha ndani ya wiki. Oganiki yenye presha pleti imara inamtosha.

Wa Kisarawe ana milima ya Pugu, na akielekea Maneromango masika anakutana na tope. Huko unahitaji klachi inayoachia nguvu kidogo kidogo, maana ikishika ghafla matairi yanazunguka bure. Land Cruiser ya dizeli ina torki kubwa kwenye mizunguko ya chini, hivyo klachi inabeba mzigo tangu gari linapoanza kupanda. Ukisimama mlimani tumia hendibreki, usilishikilie gari kwa klachi.

Kabla ya kulipa

1. Nunua seti nzima: sahani, presha pleti na beringi. Kushusha gia boksi mara mbili ni hela ya fundi mara mbili.

2. Nenda dukani Kariakoo na klachi ya zamani mkononi, mlinganishe kipenyo na meno ya katikati. Kwa Subaru, WRX ya gia 5 hutumia ya milimita 230 na STI ya gia 6 ya milimita 240.

3. Angalia kama presha pleti yako ni ya kusukumwa au ya kuvutwa. Haziingiliani.

4. Flaiwili ikiwa na mikwaruzo au madoa ya bluu ya joto, ipelekwe ikakerezwe. Ikiwa na nyufa, badilisha.

Baada ya kufunga

Endesha kistaarabu kwa kama kilomita 800 kabla ya kukanyaga tabo yote. Kwa mtu wa Kibaha, hizo ni kama safari 10 za kwenda na kurudi Dar. Ukiharakisha, uso wa sahani unaungua na kuwa laini kama kioo, na klachi mpya inaanza kuteleza kama ile uliyoitoa.