ZANA YA BURE ILIYOCHUKULIWA NA MWENYEWE, NDIPO GIT IKAZALIWA

Wadau, simu za Android mnazochezea kila siku zina Linux ndani yake. Ila wengi hawajui kwamba kuna kipindi watengenezaji wa Linux walibaki mikono mitupu kisa kitu cha bure.

Miaka ya mwanzo watu walikuwa wanatuma marekebisho yao kwa barua pepe, na yule jamaa wa Finland aliyeianzisha Linux mwaka 1991 anayapachika mwenyewe. Kazi ikamzidi. Mwaka 2002 akahamia kwenye BitKeeper, programu ya kampuni moja ya Marekani inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani kaandika nini, lini, na namna ya kurudi nyuma mambo yakiharibika.

BitKeeper ilikuwa ya kuuzwa, lakini waandishi wa programu huria walipewa bure. Bure yenye masharti lakini! Ukiitumia, huruhusiwi kutengeneza programu ya kushindana nayo. Watetezi wa programu huria walipiga kelele toka siku ya kwanza, jamaa hakujali. Kwake yeye chombo bora ndicho cha kutumia.

Mwaka 2005 kikanuka. Mtaalamu mmoja wa Australia alianza kuandika programu yake ya kuchota taarifa kutoka BitKeeper. Alichofanya ni kujiunga na seva na kuandika neno la kuomba msaada, seva yenyewe ikamwonyesha amri zake. Mwenye kampuni akaona anaibiwa siri. Mwezi Aprili akatangaza kwamba bure imekwisha.

Jamaa wa Linux alimkasirikia Mwaustralia hadharani, kisha akakaa chini kuandika chake. Alianza tarehe 3 Aprili, na tarehe 7 Git ilishaweza kutunza msimbo wake yenyewe. Juni, toleo la Linux 2.6.12 likatoka likiwa ndani ya Git. Julai akamkabidhi usimamizi mtaalamu mmoja wa Japani.

Leo Git inatumika dunia nzima, na leseni yake hairuhusu mtu kuwanyang'anya wengine. BitKeeper nayo ilifunguliwa kuwa huria mwaka 2016, wakati watu walishahama zamani.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ila tuwe wakweli, mwenye kampuni naye alikuwa na wafanyakazi wa kuwalipa. Je, alikosea kuchukua kilicho chake, au waliokosea ni waliojenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu?