Mbio za Hisani: Zilikotoka, na Mahali Fedha Zake Hazijafika

Mgonjwa wa moyo anayetoka Gwata, Kibaha Vijijini, ana safari ndefu kuliko mbio zote zinazokimbiwa kwa ajili yake. Anaanzia zahanati, anapelekwa kituo cha afya Mlandizi, kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tumbi, na akibahatika kupewa rufaa mapema anafikishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Akiwa mtoto, na wazazi wake hawana bima wala cha kuuza, sehemu ya gharama za upasuaji inaweza kulipwa na watu asiowajua, waliodamka alfajiri ya Jumapili moja wakavaa fulana zinazofanana na kukimbia kilomita 5, 10, 21 au 42 kuanzia viwanja vya Farasi, Oysterbay.

Mbio hizo zimeenea haraka kiasi kwamba kijana wa leo anaweza kudhani zililetwa na mabenki. Lakini kutembea kwa ajili ya jambo kubwa kuliko mtembeaji mwenyewe ni kitu cha zamani katika nchi hii, na barabara ya Morogoro, inayokata Mlandizi na Kibaha, imekishuhudia.

Februari 5, 1967 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Haukupita muda, watu wakaanza kutoka mikoani kwa miguu kuliunga mkono. Walikuwemo vijana wa TANU Youth League, wanafunzi na wakulima. Wengine waliishia makao makuu ya mikoa yao, wengine walikaza mwendo mpaka Dar es Salaam. Kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi hayo, akitokea Arusha, na jina lake likaimbwa nchi nzima. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere naye alifunga safari kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200, mwendo wa siku nane.

Matembezi yale hayakukusanya fedha. Yalikuwa ya siasa, na wapo waliotembea kwa sababu chama kilisema watembee. Hata hivyo naona ndiyo yaliyotufundisha kusoma maana katika miguu ya mtu. Aliyetembea kutoka Arusha hakuhitaji kueleza anaamini nini, malengelenge yalikuwa yamekwisha eleza. Mbio za hisani zote, popote duniani, zinategemea jambo hilo hilo: kwamba tutamsikiliza zaidi anayeomba huku akitoka jasho.

Wakati Watanzania wanatembea kwa ajili ya Azimio, huko Kanada mwaka uleule wa 1967 maelfu walikuwa wanatembea katika matembezi yaliyoitwa Miles for Millions. Kila mtembeaji aliwaomba ndugu, majirani na walimu wake waahidi kiasi fulani kwa kila maili atakayomaliza. Fedha zilikwenda kupambana na njaa katika nchi maskini. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeanzisha kampeni dhidi ya njaa mwaka 1960, na matembezi ya namna hiyo yakasambaa Ulaya na Amerika Kaskazini. Aprili 12, 1980 kijana mmoja wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, alianza kuikimbia nchi yake kutoka pwani ya mashariki akiwa na mguu wa bandia. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia kifuani. Alifariki Juni 1981, na mpaka leo watu hukimbia kila mwaka kwa jina lake kuchangia utafiti wa saratani.

Mtindo huo wa kuahidi fedha kwa kila maili haukushika mizizi kwetu, na sababu naiona wazi. Sisi michango tayari ina njia zake. Kuna kikao cha harusi na kadi zake, kuna msiba na daftari lake mlangoni, kuna harambee ya shule. Mtu akimwambia shemeji yake "nitakimbia kilomita kumi, nichangie shilingi elfu moja kwa kila moja," shemeji atauliza kwa nini asichange moja kwa moja, na huo mguu ukapumzika. Kwa hiyo mbio za hisani zilipokuja Afrika Mashariki zilijipanga upya. Mkimbiaji analipa ada ya kujiandikisha, anapewa fulana na namba ya kifuani, kampuni zinabeba udhamini, na kinachobaki baada ya gharama kinakwenda kwenye hisani.

Kenya walitutangulia. Mbio za Lewa, zinazokimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyama chini ya Mlima Kenya, zilianza mwaka 2000 kuchangia uhifadhi na vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwaka 2003 ikaja Nairobi Marathon, iliyochangia matibabu ya macho. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, alizindua kampeni ya Beyond Zero ya kuokoa akina mama na watoto wachanga, kisha Aprili akaenda kukimbia London Marathon. Alimaliza kwa zaidi kidogo ya saa saba. Wapo waliotazama saa. Mimi nilitazama magari ya kliniki zinazotembea yaliyopelekwa kaunti moja baada ya nyingine kutokana na kampeni ile. Uganda nayo ina mbio za siku ya kuzaliwa Kabaka, zinazojaza Kampala watu kila Aprili, na fedha zake zimekwenda kwa nyakati tofauti kwenye fistula, selimundu na Ukimwi.

Kwetu mlima ndio ulioanza. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita ulianzisha Kili Challenge, ambayo sasa unaiendesha pamoja na Tume ya Kudhibiti Ukimwi, TACAIDS. Washiriki wanapanda Kilimanjaro, wengine wanauzunguka kwa baiskeli, na fedha zinakwenda kwa asasi zinazopambana na VVU. Wageni nao wanaupanda mlima huo kwa hisani za kwao. Mwaka 2009 kundi la wanamuziki na watangazaji wa Uingereza lilifika kileleni, mita 5,895, likikusanya fedha za shirika la hisani la Comic Relief.

Hapa nisiwapite wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Kila anayepanda kwa hisani amebebewa hema, chakula na maji na watu hao, na mzigo wa kila mmoja umewekewa kikomo cha kilo 20, kikomo ambacho hakiheshimiwi siku zote. Tangu 2003 upo mradi wa kutetea wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, unaofuatilia malipo yao, chakula chao na nguo zao za baridi. Hisani inayochangisha mamilioni kwa ajili ya yatima wa mbali, huku aliyeibeba mgongoni anashuka na ujira pungufu, ina dosari kubwa. Anayejiandaa kupanda aulize hilo kabla hajalipa kampuni yoyote.

Mabenki yaliingia kwa kishindo mwaka 2020. CRDB ilianzisha mbio zake kuchangia upasuaji wa moyo kwa watoto. Mwaka huohuo NBC ilianzisha Dodoma Marathon kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi, fedha zikielekezwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwaka 2021 NMB nayo ikaja na mbio za kuchangia matibabu ya fistula katika hospitali ya CCBRT, lengo likiwa shilingi bilioni moja kwa miaka minne. Nayaheshimu mambo haya. Mtoto aliyekuwa akigeuka bluu midomo akipanda ngazi mbili, leo anacheza mpira, na mama aliyejificha miaka kwa aibu ya kuvuja mkojo amerudi kanisani au msikitini. Hakuna wa kulidharau hilo.

Ila mbio hizi zina ndugu zake wasiotangazwa, na hao ndio ninaowapenda zaidi. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi nchini anaujua mchakamchaka wa asubuhi, miguu peku, vumbi, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963 na lenye kambi yake kubwa hapa Ruvu, aliuzoea kwa namna kali zaidi. Kutokana na mchakamchaka zikazaliwa klabu za jogging za Temeke, Mbagala na Ilala, ambazo siku hizi utazikuta hata Kibaha. Jumapili, jua halijatoka, utasikia filimbi kabla hujaona watu. Mbele yupo mwenye sauti, nyuma safu ya akina mama wa vikoba, mafundi gereji, bodaboda, mwalimu mstaafu, watoto wawili waliojiunga njiani. Madereva wanasubiri bila kupiga honi. Wanaishia kwenye uwanja wa shule, wananyoosha viungo, halafu supu.

Kisha inakuja sehemu ambayo kamera haifiki. Mweka hazina anafungua daftari. Mwanachama fulani amefiwa na mama yake, mwingine amelazwa, klabu jirani imealika na inahitaji nauli. Majina yanasomwa, aliyetoa na aliyeahidi, mbele ya wote. Mara nyingine klabu inaamua kwenda hospitali kufagia uwanja, kutoa damu, kupeleka sabuni na kanga wodi ya wazazi. Hesabu inafungwa palepale, mtoaji na mpokeaji wakitazamana.

Pwani ina ushahidi mwingine wa mbio na michango iliyogeuka kuwa majengo. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwaka 1980 alileta medali ya fedha kutoka Moscow katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Baada ya kutundika viatu alijenga shule, na mojawapo iko Mkuza, Kibaha. Kule Kisarawe, Jokate Mwegelo alipokuwa mkuu wa wilaya kuanzia 2018 alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero, ya kupambana na kufeli shuleni, akawachangisha wananchi, wasanii na kampuni za mjini, na leo ipo sekondari ya wasichana yenye jina lake. Ukiyatazama mabati ya shule hiyo unaona mchango wako ulipokwenda.

Na hapo ndipo ninapotaka wenye mbio kubwa wanisikilize. Yatazame tena magonjwa matatu yanayokimbiwa na mabenki matatu. Fistula humpata mama aliyekaa na uchungu muda mrefu, mtoto amekwama, na hospitali iko mbali. Saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukua, na dalili zake za awali huonekana kwa kipimo cha siki, tunayoitia kwenye kachumbari, ikipakwa na muuguzi aliyefundishwa, kwa taa nzuri na pamba safi. Moyo wa mtoto, ukiacha wale waliozaliwa na tundu, mara nyingi umeharibiwa na maambukizi ya koo yaliyojirudia bila kutibiwa, ambayo penisilini ya bei ndogo ingeyamaliza.

Yote matatu yanaanzia kijijini, na kijijini ndiko yanakozuilika kwa fedha kidogo. Sisi tunakimbia ili kulipia mwisho wa safari, Muhimbili, Ocean Road na CCBRT, ambako kila mgonjwa mmoja anagharimu mamilioni. Zahanati ya kata iliyoko mwanzo wa safari haina mbio zake, kwa sababu chupa ya siki haipendezi kwenye picha kama hundi kubwa ya karatasi ngumu.

Serikali imeanza kuelekea huko. Mwaka 2018 wasichana wa miaka 14 walianza kuchanjwa dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2022 mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa: mama akipata dharura ya uzazi, namba ya bure 115 inapigwa, na gari la wagonjwa likikosekana anatafutwa dereva wa jirani, naye analipwa kwa simu. Mfumo wa namna hiyo ungefaa kabisa kubebwa na wakimbiaji. Waandaaji waweke kando sehemu ya kila mbio, hata moja ya kumi, kwa ajili ya zahanati katika wilaya zinazotoa wagonjwa wengi, na wanaposoma matokeo ya washindi wasome pia idadi ya waliotibiwa mwaka uliopita na wilaya walikotoka, kama mweka hazina wa jogging anavyosoma daftari lake kabla supu haijapoa.

Kutoka Kibaha mpaka Gwata si njia yote yenye lami, na wakimbiaji wa mjini watalalamikia vumbi. Lakini mbio za kilomita 21 zinazoanzia Mlandizi, ada yake ikiwa dawa za koo, taa ya uchunguzi na mafunzo ya wauguzi wawili, zinaweza kupangwa na klabu nne za jogging bila kusubiri benki yoyote. Klabu hizo zipo, wenyeviti wake wanafahamiana, na viongozi wa kata hawatakataa wageni wa namna hiyo.