Mlisho: Neno na Chombo Chake

Neno "mlisho" lilinitatiza nilipolikuta kwa mara ya kwanza kwenye tarakilishi ya chuo cha ualimu nilikofundisha. Kulisha ni kumpa mwingine chakula, mtoto au ng'ombe. Katika mlisho wa tovuti, hata hivyo, mlaji ndiye anayechagua wapishi wake.

Chombo hiki, RSS, kilizaliwa Machi 1999 katika kampuni ya Netscape ya Marekani, mikononi mwa Dan Libby na Ramanathan Guha. Tovuti huweka faili ndogo yenye vichwa vya makala mpya, muhtasari na anwani zake. Programu ya kusomea huizuru faili hiyo kila baada ya muda, ikamletea msomaji kilichoongezeka. Hivyo hatuna haja ya kubisha hodi kwenye tovuti arobaini kila asubuhi kuuliza kama kuna jipya.

Ugomvi haukukawia. Hata maana ya zile herufi tatu ilibadilishwa mara kadhaa (nasi tunaogombania vina na mizani tusiwacheke). Desemba 2000 kundi moja lilitoa toleo la 1.0, miongoni mwao alikuwamo Aaron Swartz, mwenye miaka 14. Umri wa kidato cha kwanza! Dave Winer alishika njia yake, akatoa toleo la 2.0 mwaka 2002. Wengine wakaunda Atom, iliyochapishwa kama kanuni rasmi Desemba 2005.

Google Reader ilipofungwa tarehe 1 Julai 2013, wengi waliutangazia mlisho matanga. Ulikuwa hai, na hadi leo podikasti husafiri kwa RSS.

Msiba wangu ulikuwa mwingine, na niliujitakia. Programu niliyoitumia ilitoa ilani kwamba itafungwa; nikasema nitaihamisha orodha yangu kesho, na kesho nikawa na mitihani ya kusahihisha. Siku ya mwisho ikapita. Nyingi ya tovuti zile nimezipata tena kwa kukumbuka majina. Moja sijaipata: ya mshairi mmoja aliyetunga tarbia za bahari, ambaye sikuwahi kulijua jina lake halisi. Nimebaki na beti tatu tu, nilizozinakili nyuma ya daftari la maandalio ya masomo.